Mama Wilkista na Rangi za Mabehewa ya Bungoma

Tarehe 30 Juni 1951, Mama Wilkista Nasambu atavua aproni yake katika Karakana ya Cherangani hapa Kitale, baada ya miaka ishirini na minne ya kupaka rangi. Nimeombwa niandike maneno machache ya kupendeza. Ya kupendeza yapo tele. Lakini nikiyaacha yale ya kuudhi nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Alikuja mwaka wa 1927, mjane kijana kutoka Matulo, reli ikiwa bado ngeni katika mji huu. Karakana ilikuwa imeanza kuchonga treni ndogo za mbao kwa ajili ya shule, maonyesho ya kilimo na watoto wa wenye mashamba. Mafundi wanaume waliona ni aibu kupaka rangi vitu vya kuchezea, basi brashi akapewa yeye. Hakuirudisha tena.

Rangi, kwake, haikuchaguliwa kwa kukumbuka. Alipaka vibao vidogo, akavisubiri vikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi hudanganya, kisha akaenda navyo stesheni kuviweka kando ya behewa lenyewe, juani. Halafu aliongeza nyeupe kidogo. Behewa kubwa likipunguzwa hadi kutoshea kiganjani, rangi ileile huonekana nzito zaidi. Sisi maseremala tulicheka mpaka tulipoona tofauti.

Upole hakuwa nao, na sitamsingizia. Siku moja nilimletea behewa nililolipaka vanishi likang'aa. Alilitazama, akanitazama.

"Kagwe, wewe umewahi kuona gari ya mahindi inang'aa kama kijiko?"

Nikarudi kwenye msasa. Jelimo, fundi mwenzangu aliyekuwa akipiga gundi karibu nami, alicheka hadi chai ikampalia.

Sasa nije kwenye mwaka wa 1938.

Huko Bungoma, jioni moja, mfanyakazi wa stesheni aitwaye Walubengo aliambiwa afungue minyororo ya behewa moja ili lisukumwe hadi ghalani. Mabehewa mawili yalikuwa yamesimama kwenye njia ya pembeni. Moja lilikuwa na breki mbovu, na ndilo alilofungua badala ya lile zima. Likateremka lenyewe, likagonga ghala na kumvunja mpagazi mguu. Kibao cha onyo hakikuwa kimetundikwa. Stesheni masta alijitetea kwamba hakikuhitajika, ati behewa bovu lilikuwa jekundu na zima lilikuwa la kijivu, na hata mtoto angeyatofautisha. Basi Walubengo alikuwa mlevi au mzembe. Akasimamishwa kazi, na ikasemwa wazi kwamba atafungwa.

Baraza la uchunguzi likataka mabehewa ya mfano ili lione mambo yalivyokuwa. Kazi ikaletwa kwetu, na maelezo ya stesheni masta yalikuwa mafupi: moja jekundu, moja la kijivu.

"Nani ameyaona?" Mama Wilkista akauliza.

"Wewe paka kama walivyoagiza," meneja wetu akamjibu. "Hii si kesi yako."

"Mtu anafungwa kwa rangi, na rangi napaka mimi. Ni kesi ya nani basi?"

Meneja akamkataza kwenda Bungoma kuyaona. Kulipokucha alipanda lori la mahindi na vibao vyake kikapuni, nami nikaenda naye kwa kuwa kupima mabehewa kulikuwa kazi yangu. Pale stesheni karani alimzuia mlangoni.

"Mama, hapa si soko. Unatafuta nini?"

"Natafuta hiyo gari yenu nyekundu. Nimetembea huku na huku, bana, siioni."

Hakuiona kwa sababu haikuwepo. Jekundu lilikuwa limepaushwa na jua la miaka, na la kijivu lilikuwa limeingiwa na vumbi jekundu la murramu, udongo wa barabara, hadi kwenye mbao. Yote mawili yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Mama Wilkista alisimama kati ya mabehewa hayo, na hasira ilimpanda, akanisukumia kopo nimshikie. Jioni, saa ileile ya ajali, aliyalinganisha tena. Kisha akapaka alichokiona.

Mabehewa madogo yalipowekwa mezani mbele ya baraza, palepale stesheni Bungoma, stesheni masta aliruka. "Hii sio rangi niliandika!"

Mwenyekiti akamgeukia Mama Wilkista. "Kwa nini hukufuata maelezo?"

"Nimefuata mabehewa, bwana. Yako hapo nje."

Wakatoka wote. Walisimama hapo mpaka jua likaanza kutua, wakiangalia yale makubwa, wakiangalia haya madogo. Mwenyekiti akaandika kwamba hayatofautishiki. Walubengo alikuwa amekaa chini kando ya reli, uso ameuficha mikononi. Alirudishwa kazini, na kibao cha onyo kikatundikwa, baada ya mguu wa mtu kuvunjika.

Na Mama Wilkista? Alirudi Kitale akanyang'anywa brashi. Kwa ukaidi, walisema. Mwaka mzima alipiga msasa viti, mwanamke ambaye macho yake yalimwokoa mtu na jela. Muda si muda bango jipya likapakwa mlangoni: "Rangi Halisi Kama Zilivyo". Wateja wakaja kutoka Endebess hadi Eldoret wakilisifia jina la karakana. Brashi alirudishiwa maagizo yaliposhinda wengine. Lakini cheo cha msimamizi wa rangi alipewa kijana aliyefundishwa naye kukoroga, kisha mwingine, kisha wa tatu. Nimewahi kuuliza sababu. Nimeambiwa kwamba mafundi hawawezi kuongozwa na mwanamke. Mimi ni fundi, na hakuna aliyeniuliza.

Nimeandika haya akiwa bado kati yetu, ili ayasikie yakisomwa, na wenye cheo wayasikie wakiwa wamekaa karibu naye.

Mama Wilkista, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali, na kwa kutukataza kupaka uongo. Nenda Matulo kwa dada yako Bilha, ukalime, ukapumzike, ukale mahindi yako mwenyewe. Mungu akupe miaka mingi na macho yasiyochoka. Na hasira yako, mama, usiiache hapa karakana. Nenda nayo, ni yako kwa haki.

Kagwe, seremala