Mpiga Picha Tuliyemwita Subiri

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote tunawashukuru kwa kuja. Anayesoma maneno haya ni mdogo wa mwisho wa marehemu. Familia ilimchagua kwa kuwa ana sauti, ingawa wapo waliopinga kwa kuwa ana mdomo. Ameahidi heshima, na atajitahidi.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne, wa baba fundi seremala na mama mkunga. Mama yetu alikuwa zamu siku hiyo. Uchungu ulimkuta wodini, na alimaliza kwanza kumzalisha mama mwingine ndipo akapanda kitanda cha pembeni. Alipenda kusema kwamba huyu mwanawe alianza kungoja foleni kabla hajazaliwa, na wala hakulalamika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka wa pili wa sekondari, mwalimu wa fizikia alitoboa boksi la viatu kwa sindano, akabandika karatasi nyembamba upande wa pili, akawaonyesha wanafunzi jengo la utawala likiwa limesimama kichwa chini ndani ya boksi. Marehemu alirudi nyumbani hasemi na mtu, chakula hagusi. Mama alimpima homa mara mbili. Homa hakuwa nayo, ila tangu siku ile maboksi ya viatu yalikuwa hayakai nyumbani kwetu bila kutobolewa.

Januari 1977 aliajiriwa katika studio ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Taa. Hapo alijifunza kusafisha filamu kwenye chumba cha giza, kukata picha za pasipoti, na kumwambia mtu akae wima bila kumuudhi. Mwaka 1986 alifungua studio yake, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la madaftari. Kulikuwa na pazia la bluu, benchi, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja.

Mei 1992 alinunua kwa mwandishi wa gazeti aliyekuwa anastaafu kamera ya filamu inayojilengea yenyewe. Wengi wenu mnaikumbuka, nyeusi, nzito, ina mkanda uliochanika. Ukitazama ndani yake unaona kimraba kidogo katikati ya kioo. Unakiweka juu ya kitu unachotaka, unabonyeza kitufe nusu, lenzi inazunguka yenyewe kutafuta umbali, na ikiupata inalia pii. Hapo ndipo unabonyeza kitufe hadi mwisho, picha inapigwa, na mota inasogeza filamu. Mzee Taa aliigeuza mikononi, akauliza, "Sasa wewe utabaki unafanya kazi gani?"

"Nitabaki nikiwaambia watu watabasamu," marehemu akajibu.

Alijibu mapema mno. Jumamosi tarehe 8 Agosti 1992 alipiga picha za harusi ya mwalimu wa hesabu na muuguzi. Aliwapanga vizuri, bwana kushoto, bibi kulia, yeye mbele yao, katikati, na kamera yake. Kamera ikalia pii kila mara, naye akafurahi. Kumbe kimraba kile kilikuwa kinapita kwenye nafasi kati ya vichwa viwili na kwenda kutua ukutani. Filamu mbili nzima aliposafisha, bwana na bibi harusi walikuwa ukungu mtupu. Saa ya ukutani ilitoka safi kiasi cha kuhesabu dakika.

Mdogo wake anayeyasoma haya alikuwepo studio siku ile. Kaka alikaa kwenye benchi la wateja, akaziangalia picha zile kwa muda mrefu, akasema, "Jina langu limekwisha." Angeweza kusingizia filamu mbovu, na wapo waliomshauri hivyo. Alizitia kwenye bahasha, akaenda kwa maharusi kwa miguu yake, akasema, "Nimewaharibia. Kosa ni langu, si la kamera." Bibi harusi alilia. Bwana harusi alizipitia moja moja, akasema, "Basi angalau tunajua ilikuwa saa ngapi." Wakakubali kurudia, na kwa hilo familia yetu inawashukuru hadi leo. Wamekaa pale safu ya pili.

Marudio yalipangwa Jumamosi tarehe 17 Oktoba. Tatizo likawa gauni, halifungi tena. Kwa nini halifungi, hesabu hiyo tumwachie bwana harusi. Ikabidi aitwe fundi cherehani aliyelishona, alifungue mishono ya ubavuni. Aliingia studio ana pini mdomoni, akamtazama marehemu juu mpaka chini, akazitoa pini.

"Wewe ndiye uliyepiga picha ukuta?"

"Nilikupiga wewe," marehemu akasema. "Ukuta ulikuwa nyuma yako."

Na ilikuwa kweli. Katika picha ya kumi na nne, kwenye nafasi kati ya wale wawili waliojaa ukungu, yupo binti amekaa kwenye stuli, pini mdomoni, anauangalia upindo wa gauni kwa wasiwasi. Yeye ndiye mtu pekee aliyetoka wazi siku nzima ile, hadi kope. Marehemu alikuwa ameitazama picha hiyo wiki kumi. Aliibandika ndani ya kabati la dawa za kusafishia filamu, na hakumwambia mtu. Tumewawekea kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki.

Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1993, picha zikapigwa na Mzee Taa kwa kamera yake ya zamani. Wifi yetu hatukumpa kazi rahisi, mimi hasa, lakini alitushinda kwa kicheko. Marehemu alimwita Fundi mpaka mwisho. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike.

Baada ya harusi ile marehemu hakuamini tena pii ya haraka. Aliweka kimraba kwenye jicho la mtu, akabonyeza nusu, akakishikilia kitufe hapo hapo ili umbali usibadilike, ndipo akaisogeza kamera kupanga picha yake. Penye giza au mbele ya ukuta mweupe, lenzi ilipohangaika kwenda na kurudi, alilenga kifungo cha shati. Watoto wachanga waligeuka wenyewe waliposikia mlio, naye akawadaka hapo hapo. Wateja waliokuwa na haraka aliwaambia, "Subiri ilie." Ndivyo alivyopata jina la Subiri, na wengi wenu mlikuwa hamjui jingine.

Mwaka 2011 mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari aliueleza ugonjwa na kusema hauna tiba, una dawa za kuutuliza. Kidole kikawa hakiwezi tena kusimama nusu. Kilipitiliza kabla kamera haijalia. Mwaka 2014 alimkabidhi binti yake studio. Kamera ile akaja nayo nyumbani ikiwa na filamu ndani, na kidirisha chake kinaonyesha zimepigwa picha thelathini na tano. Imebaki moja. Alitoa betri, akazifunga kwenye soksi, akamwambia mkewe, "Hiyo ya mwisho utanipiga wewe."

Wifi alikataa. Alikataa miaka mitano. Alitushonea, alitupikia, alimlisha na kumvisha mumewe, lakini kamera ile hakuigusa hata kuifuta vumbi. Aliniambia siku moja tukianua nguo, "Wifi, ile filamu ikiisha, na yeye ataona amemaliza." Mimi mwenye mdomo nikakunja shuka iliyokuwa mkononi. Marehemu hakumlazimisha. Aliuliza kila mwaka mara moja, kwa upole, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, na alipojibiwa hapana alisema sawa.

Tarehe 1 Novemba 2019 alilazwa, mapafu yamejaa maji. Jumapili tarehe 3 wifi alirudi nyumbani kufua, na aliporejea wodini mchana alikuwa na kamera ndani ya mfuko wa vitambaa.

"Betri umeweka?" marehemu akauliza.

"Nimeweka."

"Kimraba kwenye jicho, Fundi."

"Najua. Miaka ishirini na sita unawaambia watu, unadhani mimi sina masikio?"

Alimfunga kifungo cha juu cha shati, akarudi nyuma hadi kwenye kitanda cha jirani, akainua kamera. Ikalia pii. Wodi nzima iliisikia. Muuguzi alikuwa amesimama na sinia la dawa, hakusogea. Wifi alibaki vilevile, kidole nusu.

"Imeshalia," marehemu akasema.

"Nimeisikia."

"Basi malizia, mama."

"Subiri," wifi akamwambia.

Marehemu akacheka. Hapo ndipo wifi alipobonyeza. Kamera zile filamu ikifika mwisho hujirudisha yenyewe kwenye mkebe wake, kwa mlio mrefu mwembamba. Walikaa wameshikana mikono wakiusikiliza mpaka ukanyamaza. Marehemu akasema, "Asante, Fundi. Sasa umeniona."

Aliishi siku kumi na moja zaidi, nyingi zikiwa na maongezi. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mkewe akiwa kando yake. Filamu ilisafishwa na binti yake. Picha ya thelathini na sita ndiyo mnayoiona kwenye jalada. Tazameni jicho lake, linacheka bado, na kila uzi wa kifungo unahesabika.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliomtunza, majirani, kinyozi aliyemnyoa wodini Jumamosi zote mbili, na wapiga picha wote mliofunga studio leo.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na kuta nyingi zenye picha zenu alizozipiga.

Kaka, ulitusubiri sote tukae sawa. Sasa pumzika kwa amani.