Tawi la Mkorosho Katika Ukuta wa Fundi Pazi

Mheshimiwa Liwali, masheikh wetu, Bwana Mwenyekiti wa Kamati, wazee wenzangu, nanyi kina mama mlioketi upande wa madirisha: assalaamu alaykum.

Nimeletwa hapa juu ya kiti, nimebebwa na wanafunzi wangu, kwa hiyo sina nguvu ya kuzungusha maneno. Kuna jambo la ukuta huu nimelificha tangu ujana wangu. Sipendi kwenda nalo kaburini, na nitalisema kabla hawajanirudisha nyumbani.

Leo tunafungua chumba cha kusomea katika nyumba ya marehemu Bwana Seleman, na wengi mmekuja kuutazama ukuta wa Fundi Pazi. Mna haki ya kuona fahari. Ni mji gani mwingine wa pwani hii wenye ukuta kama huu? Shina moja linaanzia mlangoni, linapanda, linazunguka madirisha, wala halijikati popote. Hivyo ndivyo walivyochora mafundi wa zamani, kwa nili, kwa udongo mwekundu, kwa brashi ya kumbi la nazi. Na kila fundi aliacha jani moja bila rangi, ili ajaye baada yake apate pa kuanzia.

Nilimfahamu Fundi Pazi nikiwa nimetoka chuo cha ualimu, nilikofundishwa kuchora chupa kwa penseli. Nilisimama nyuma yake na majivuno yangu yote, nikamsimulia chupa zangu. Hakugeuka. "Bwana Chupa," akasema, "umekuja kutazama au kunizibia mwanga?" Nikakaa chini, na nilikaa miaka. Siku nilipoiga jani lake hata mwenyewe asijue lipi lake, nilidhani atanisifu. Akalifuta kwa chokaa. "Jani hilo nimekwisha kulichora mimi. Wewe tazama shina lilikuwa linakwenda wapi, ulifuate."

Sasa, ndugu zangu, jana Kamati iliamua kwamba ukuta wa pili, ule mweupe, ubaki hivyo hivyo. Husseni, mwanafunzi wangu, aliomba auchore. Udongo wa rangi ameufuata mwenyewe hadi Kiwangwa. Bwana Mwenyekiti akamjibu, nami nipo: "Mwanangu, mkono wa leo usikae chumba kimoja na mkono wa Pazi. Litazame tawi lile la mkorosho katikati ya maua ya kizamani. Nani kati yenu angewaza vile?"

Bwana Mwenyekiti, sikukasirika. Nilifurahi mpaka kikohozi kikanishika. Miaka yote hii nimewasikia wageni wakilisifu tawi lile, nikanyamaza, kwa kuwa Bwana Seleman aliniomba: "Rehani, niache niendelee kuwaonyesha watu ukuta wa rafiki yangu." Bwana Seleman amepumzika, nami niko njiani.

Naomba Husseni apewe ukuta. Jani lisilo na rangi liko pale pembeni, kuta mbili zinapokutana, aanzie hapo. Pumzi zangu ni chache, nanyi mmezisikiliza zote. Nawashukuru sana.

Fundi Pazi hakuchora mkorosho hata siku moja. Masika yaliyofuata mazishi yake, chokaa ya ukuta huu ilibanduka yote ikaanguka sakafuni, na huu mnaouona, tangu mlangoni hadi jani lile tupu, niliuchora mimi.