Irmgard Lehnigk, Aliyeukalia Mfuniko

Mama yetu, Irmgard Lehnigk, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 katika kijiji kimoja kando ya mto Spree, Lusatia, mashariki mwa Ujerumani, binti mdogo wa mchimba makaa Alwin Kochan na mkewe Martha. Nyumbani walizungumza Kisorbi, lugha ya Waslavi wachache wa huko. Kijerumani alikipata shuleni, pamoja na kuchekwa.

Alimaliza darasa la kumi mwaka 1965, akasomea ufundi wa mitambo, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha gesi. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuri la presha lililogeuza makaa kuwa gesi. Vumbi la makaa, laini kama unga, liliingizwa kwanza kwenye tangi la kati. Tangi likafungwa na kujazwa gesi hadi presha yake ilingane na ya tanuri, ndipo mlango wa chini ukafunguliwa.

Novemba 1978 vumbi liligoma kushuka. Kipimo kilionyesha sifuri, na fundi Helmut alikwishaweka spana kwenye mfuniko wa tangi. Mama alitega sikio kwenye bomba, akasikia mluzi mwembamba.

"Weka spana chini. Humu mna presha."

"Kipimo kinasema sifuri, dada!" alifoka msimamizi, Bwana Dietrich. "Mji mzima unangoja gesi!"

"Ungoje. Maji baridi hayajaua mtu."

Akaupanda mfuniko, akaukalia. Ikabidi gesi itolewe taratibu; ilivuma dakika arobaini. Kumbe vumbi lilikuwa limeziba mrija wa kipimo. Watu sita walirudi kwao salama.

Jumapili iliyofuata Helmut alibisha hodi na keki ya tufaha.

"Mfuniko ulinikatalia. Na nikiomba mkono wako je?"

"Nitakupima kwanza."

Alimpima mwaka mmoja na nusu. Walifunga ndoa tarehe 17 Mei 1980.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1992, alifundisha mafundi wanagenzi hadi alipostaafu mwaka 2012.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akapasuliwa. Daktari alipopendekeza upasuaji wa pili, alicheka: "Miaka sabini na minne, mwanangu! Nikiomba nyongeza nitaonekana mlafi." Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Helmut, watoto wawili, Jens na mimi Sabine ninayewasomea, wajukuu watatu, na dada yake Erna, anayesisitiza kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkaidi zaidi.

Mungu, tulikuwa naye kwa muda mrefu, na tunashukuru. Mpokee, umpe raha ya milele.