Ambilikile Kibona na Chaki Aliyoisingizia

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, kama uko shambani Iyula, kama umekwama kwenye foleni ya malori pale mpakani, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Tunamkumbuka Ambilikile Kibona, fundi turubai wa Tunduma, mchezaji wa pool, nahodha wa timu yetu kwa miaka mingi. Ametutoka mwezi uliopita. Amezikwa kwao, milimani Ileje.

Ambilikile Kibona. Wengi mlimjua kwa jina la Mzee Turubai.

Alizaliwa Ileje, katika familia ya wakulima, watu wa kanisani. Baba yake alitaka abaki shambani. Hakubaki. Alikwenda Galula kutafuta dhahabu, akachoka. Akawa utingo wa malori ya Zambia, akachoka. Mwisho akaingia Tunduma, akajifunza kushona turubai za malori, na hapo akatulia. Tuseme alitulia nusu.

"Huyu mtu alikuwa anakula amesimama," anasema mkewe, Tulinagwe, ambaye mtaani tunamwita Mama Fides. "Ukimwambia kaa, anakaa. Ukigeuka kuchukua chumvi, hayupo. Yuko barabarani anaangalia malori."

Mahali pamoja tu palimshika. Meza ya pool, kwenye ukumbi wa mama mmoja aitwaye Anna, jirani na maegesho ya malori. Pale Ambilikile akiinama na fimbo yake, nzi angetua puani asingemfukuza. Kila mwaka Tunduma ilicheza na wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kila mwaka mpira wa mwisho aliachiwa yeye.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, mipira ikaanza kumkataa.

Ilianza kidogo kidogo. Mpira rahisi, ulio mdomoni mwa tundu, unapita pembeni. Fimbo inateleza. Mpira mweupe unaruka kama chura. Ambilikile alisimama, akaitazama fimbo, akaitazama chaki.

"Chaki hii imekufa," alisema.

Kwa msiocheza, niwaeleze. Ile chaki ya buluu hupakwa kwenye ncha ya fimbo, ili ncha isiteleze inapogonga mpira. Bila chaki, hakuna mchezo. Kwa hiyo Ambilikile alipolaumu chaki, watu walimwelewa. Anna akaleta chaki mpya. Mipira ikaendelea kupita pembeni. Akasema rangi ndiyo mbaya, ya kijani ina nguvu kuliko ya buluu. Ikaletwa ya kijani. Wapi!

Ndipo likaja suala la umbo.

Chaki nyingi ni za pembe nne. Lakini zipo za pembe sita, na zipo za mviringo. Ambilikile akaanza kuzisaka. Alivuka kwenda Nakonde, akarudi na za pembe sita. Alipanda gari hadi Mbeya, akarudi na za mviringo. Kazi ya turubai aliiacha katikati, sindano imechomekwa hivyo hivyo, mwenye lori anapiga honi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Osea Nzunda. Walishona turubai pamoja, walicheza timu moja. Osea ndiye aliyebishana naye.

"Ambi, ncha ya fimbo haijui umbo la chaki," Osea alimwambia. "Ipake taratibu, kama unapiga brashi. Usiizungushe kama unatoboa mbao. Ukitoboa, chaki inapata shimo, halafu inapaka pembeni, katikati panabaki patupu. Ni hilo tu."

"Ncha ni ya mviringo," Ambilikile alijibu. "Ya mviringo inataka ya mviringo. Hata mtoto anajua."

"Mtoto hajui hata pool."

Ukumbi mzima ulicheka. Ambilikile hakucheka.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Mama Fides alikuta unga wa buluu kwenye mifuko ya suruali, kwenye shuka, kwenye kola ya shati la kanisani. Na alikuta kitu kingine. Asubuhi chai ilimwagika. Kesho yake ikamwagika tena.

"Nikamwambia, Baba Fides, mkono wako una nini? Akasema kikombe kina sikio baya. Nikabadilisha kikombe. Akasema na hiki nacho kina sikio baya. Mimi nikanyamaza, lakini moyo haukunyamaza."

Binti yao, Fides, ambaye ameolewa Itaka na analima kahawa huko, alikuja kuwasalimu. Naye aliona. Baba yake alikuwa ameukalia mkono wa kulia. Ameukalia kabisa, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Baadaye sana, Ambilikile alimwambia mkewe kwamba alijua. Hakujua jina la ugonjwa, lakini alijua. Kazi yake ilikuwa mkono. Mchezo wake ulikuwa mkono. Kama ni chaki, chaki inanunuliwa. Kama ni mkono, anaenda wapi?

Basi akazidi kuhangaika na chaki. Na siku moja, mbele ya watu, alikosa mpira mwepesi, akamgeukia Osea.

"Wewe umenibadilishia chaki yangu. Unataka unahodha."

Osea aliweka fimbo ukutani. Kesho yake alichukua sindano na kamba zake, akaenda kushonea upande mwingine wa barabara. Urafiki wa miaka ukakatika hapo, kwa sababu ya kidude kinachoingia kwenye kiganja.

Ikafika siku ya Nakonde.

Ukumbi wa Anna ulijaa. Madereva, mawakala, wauza vitenge, wote walikuwepo. Osea naye alikuja, akasimama nyuma. Tunduma na Nakonde walikuwa sawa. Mpira wa mwisho ni mweusi. Anayecheza ni Ambilikile. Mpinzani wake ni Wiliam Siame, nahodha wa Nakonde, mtu mrefu asiye na maneno mengi.

Ambilikile alitoa mfukoni ile chaki yake ya mviringo. Akaipaka. Akataka kuiweka ukingoni mwa meza. Mkono ukakataa. Chaki ikaanguka, ikabingirika sakafuni kama gurudumu, ikapita katikati ya miguu ya watu, ikaenda kusimama mbele ya kiatu cha Siame.

Siame akainama, akaiokota, akamrudishia. Na pale ilipowekwa kiganjani, ilicheza. Chaki ilicheza kwenye kiganja cha Ambilikile, na ukumbi wote uliiona.

Siame akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, nusu Kibemba chao, nusu Kiswahili chetu: "Ba mudala, mukwai, si chaki. Baba yangu alianza hivi hivi." Ba mudala, yaani mzee wangu; mukwai ni neno lao la heshima.

Ambilikile aliiweka fimbo mezani. Hakucheza. Akatoka.

Akatembea kando ya foleni ya malori, haraka haraka, kama mtu anayewahi gari. Nyuma yake alitembea Osea. Hakumwita. Alimfuata tu. Malori yakapita, vumbi likapita, hatimaye Ambilikile akasimama.

"Osea. Ni mkono."

"Najua. Nimejua tangu masika."

"Mbona hukusema?"

"Ningeingilia wapi? Ulikuwa unasema wewe tu. Chaki, chaki, chaki."

Ambilikile akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka. Osea anasema walisimama pale muda mrefu, watu wazima wawili wanalia kando ya lori lililobeba shaba, na dereva akadhani wamefiwa.

"Nisamehe lile neno la unahodha," Ambilikile alisema.

"Lilishapita. Kesho twende hospitali."

Walikwenda. Waliambiwa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaotetemesha viungo. Hauponi, lakini dawa hupunguza. Osea akarudisha sindano zake upande ule wa zamani. Yeye akashona, Ambilikile akapima turubai na kubishana na wenye malori, kazi ambayo haikuhitaji mkono uliotulia.

Na suala la umbo, wasikilizaji wapendwa? Osea analijibu mwenyewe.

"Nilisema umbo halina maana. Kwa mpira, halina. Lakini kwa mkono wa Ambi lilikuwa na maana. Nikamtafutia ya pembe nne, kubwa. Ikianguka, inakaa pale ilipoangukia. Ana kitu cha kubana vidoleni."

Mwaka jana Nakonde walikuja tena. Ambilikile hakuwa nahodha, lakini aliomba mchezo mmoja na Siame. Alikunywa dawa mapema ili imtulize mkono akifika mezani. Alicheza vizuri. Ukabaki mpira mweusi, si mgumu. Akapaka chaki taratibu, kama anapiga brashi. Akainama. Akapiga.

Ukapita pembeni.

Watu wakasubiri. Wote walimjua. Anna alikuwa ameshashika chaki nyingine mkononi.

Ambilikile akanyooka. "Chaki ni nzuri," alisema. "Nimekosa mwenyewe." Akamshika mkono Siame kwa ule ule mkono wake unaotetemeka, mbele ya kila mtu, bila kuuficha.

Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua. Ambilikile Kibona, fundi turubai, nahodha.

Tunampa pole Mama Fides. Pole Fides na familia yote ya Itaka. Pole ndugu wa Ileje, pole Anna na ukumbi wake, pole Wiliam Siame na wenzetu wa Nakonde waliovuka mpaka kuja kubeba jeneza. Na wewe Osea Nzunda, tunajua unatusikiliza. Pole sana, kaka.

Nasi tuliobaki, tutazame nyumbani kwetu. Yupo mtu pale anayelaumu kikombe, analaumu sindano, analaumu barabara. Pengine anaogopa jambo asiloweza kulitaja. Usimcheke. Muulize. Na akikukaripia akatoka, toka naye. Mfuate nyuma, usimwite, mpaka asimame mwenyewe.