Shavu la Zambarau

Msusi alipanda basi akakaa dirishani, shavu lake la kushoto limevimba na kugeuka zambarau. Asubuhi ile daktari alikuwa ameanza kulichoma kwa miale ya leza lile baka jekundu la shavuni ambalo msusi alizaliwa nalo. Maisha yake yote watu walikuwa wakilikwepa kwa macho. Leo mama mmoja mtu mzima, aliyeketi kando yake, hakubandua macho kwenye shavu hilo.

"Mwanangu, ni mume wako?"

"Hapana, mama, sijapigwa. Natoa alama ya kuzaliwa. Ni leza."

"Leza," mama akarudia, kama anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Siku hizi ndivyo inavyoitwa?"

Msusi akacheka kwa uchungu. "Mume wangu hata sauti hanipandishii. Hakutaka niende, eti ananipenda hivi hivi."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mama, naapa!"

Abiria wawili wakageuka, wakaliona shavu, wakainamia simu zao. Watu wenye adabu zao.

Basi likasimama. Mama akanyanyuka, akamshika bega. "Mimi nilikuwa nasema nimejigonga mlangoni," alisema kwa upole. "Na nilikuwa naapa vizuri kuliko wewe."