Mabati ya Baba Mkubwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Nimesimama hapa kushuhudia, na leo nina furaha.

Mnakumbuka wakati ule biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nguvu akaruhusiwa kununua mahindi. Mimi nikaacha ualimu. Nikakopa benki, nikanunua lori, nikachukua na mahindi ya wakulima wa Mpitimbi kwa ahadi kwamba nikiuza nitawalipa. Lori likakwama njiani, turubai likachanika, mvua ikanyesha. Mahindi yakaota ndani ya magunia! Ndugu zangu, nilifilisika.

Hapo hofu ikahamia kwangu. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, nafunga mlango. Mbwa akibweka, naingia kwenye kihenge cha kuhifadhia mahindi, nachuchumaa juu ya magunzi. Mtaani walisema dalali wa mahakama yuko njiani, na asiyelipa anafungwa. Wakulima wakipita wanapaza sauti nisikie: "Mwalimu, toka utufundishe hesabu!"

Mke wangu akanifuata humo kihengeni. "Baba Agnes, utaishi na panya mpaka lini? Twende kwa wakili."

Nikakataa. Kwetu wakili ni wa mtu aliyeua. Nikionekana kwake, si nimejitangaza mhalifu? Lakini aliuza nguruwe wake, akaniwekea ada mkononi. Nikaenda nimeshusha kofia hadi machoni.

Wakili alikuwa mama mmoja, mpole wa sauti, mkali wa macho. "Tutaiomba mahakama ikutangaze mufilisi," alisema. "Mali yako iuzwe, wanaokudai wagawane kwa haki, nawe upumue. Ila usinifiche kitu. Kuna uliyemlipa kabla ya wengine?"

Ikabidi niungame. Nilikuwa nimempa baba mkubwa mabati niliyonunua kwa ajili ya nyumba mpya, kulipia mahindi yake, maana naye ni mkulima wa Mpitimbi. Kwetu mkubwa wako hapangi foleni na watu baki!

"Yarudi," akasema. "La sivyo itaonekana unaficha mali, na hapo sitaweza kukutetea."

Ndugu zangu, gereza niliogopa, lakini laana ya baba mkubwa niliiogopa zaidi! Mabati yenyewe alikwisha kuezekea nyumba yake. Nilitembea hadi Mpitimbi nikiomba njia nzima. Nikapiga magoti uani.

"Shikamoo, baba." Nikamweleza yote. Nikasubiri anilaani.

"Kumbe mimi ulinilipa peke yangu?" akasema. "Ndiyo maana majirani hawanisalimii!" Akacheka kwa uchungu. "Lete ngazi. Nimezaliwa chini ya nyasi, na nyasi hazijaniua." Akapanda mwenyewe, akayang'oa mabati, misumari ikilia.

Mahakama ikanitangaza mufilisi. Lori likauzwa, kiwanja kikauzwa, mabati yakauzwa. Kila mtu alipata sehemu yake. Haikutosha, nasema kweli. Lakini sikufungwa! Baadaye, sokoni, mkulima mmoja aliniita kwa jina. Miguu ikataka kukimbia. Nikageuka.

"Umeamkaje?" akauliza. Hayo tu! Nililia mbele ya watu.

Namshukuru Mungu aliyenipa mke yule, wakili yule na mzee yule. Na wewe unayenisikiliza huku masikio yako yako barabarani, najua unachokiogopa. Mtumaini Bwana, useme kweli yote. Baada ya ibada nifuate. Tutakwenda wote kwa wakili, na mlango nitaugonga mimi.