Mama Nyuzi na Mashine ya Upande wa Pili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Nyuzi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1947, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mpagazi wa stesheni ya reli. Alisoma hadi darasa la saba.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, lile jengo la matofali mekundu kando ya reli. Kelele za mitambo ya kufuma zilifanya sikio lisifae kitu. Wafumaji walisemezana kwa midomo, wakitazamana. Mashine iliyoelekeana na yake ilikuwa ya shoga yake. Umbea wa mtaa mzima ulipita hapo bila sauti.

Asubuhi ya tarehe 12 Agosti 1974 walinuniana kwa sababu ya kitana. Marehemu akampa mgongo, na mle ndani kumpa mtu mgongo ni kumzibia masikio. Mtandio wa shoga yake ukanaswa na mkanda wa mashine. Aliita. Mtu pekee wa kuiona midomo yake alikuwa amegeuka.

Mwaka 1977 aliolewa na fundi baiskeli, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani hakumpa mtu mgongo tena. Hata chumbani alitoka kinyumenyume. Marehemu mumewe alizoea kutania, "Huyu akikoroga chungu ananikodolea macho mimi, utadhani mimi ndiye nitakayeungua!"

Kiwanda cha nguo kilifungwa 1986, jengo likawa la sabuni. Mwaka 1999 likawa la magodoro, mwisho likawa ghala. Wenzake walihama, yeye kila tajiri mpya alimkuta humo. Alisema alimwona shoga yake, tuliyemzika 1974, kwenye mvuke wa sabuni, midomo ikienda, asiweze kuisoma. Hatukumcheka. Tuliogopa.

Mei 2021 alilazwa kwa maradhi ya mapafu. Binti wa shoga yake, aliyekuwa akimkwepa miaka yote hiyo, akamfuata wodini.

"Mwanangu, mimi nilimpa mama yako mgongo."

"Hilo nalijua, mama, tangu nina miaka sita. Nimekuja unihadithie zile siku nyingine."

Alimhadithia siku tatu. Sauti ilipokatika aliendelea kwa midomo, na binti akajifunza kuisoma. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mdogo wake anayewasomea haya, wajukuu tisa, na watoto watano: wanne aliowazaa, na mmoja aliyeomba mwenyewe aandikwe hapa.

Apumzike pasipo kelele, kwa amani.